Kabla hujaenda na shemeji: kwa wadogo zangu mliofika Aarhus, Denmark

Juzi mdogo wangu mmoja wa kollegium, bweni la wanafunzi, kanipigia simu amenuna. Wadenmark wabaguzi, anasema. Kisa chenyewe: mwenzake wa darasani kamwalika chakula cha jioni, naye kaenda na rafiki zake wawili na sufuria la pilau, na mwenye nyumba kafungua mlango akabaki ameshika kitasa. Nikamwuliza, ulimwambia mnakuja watatu? Akanijibu, "Kaka, chakula si chakula tu?"

Nimemsikiliza mpaka mwisho kwa sababu nampenda. Ila kila Agosti mnafika wapya, na ikifika Novemba nasikia hadithi ileile na sufuria lilelile. Sasa naandika, msome, mniache nilale.

Mambo ya CPR, namba ya ukazi, na MitID, kitambulisho cha mtandaoni, mnayajua, au mtayajua wiki hii kwenye foleni ya Borgerservice, ofisi ya huduma kwa wakazi, pale Dokk1, jengo la maktaba. Mkiwa pale mkisikia kengele kubwa inalia juu ya vichwa vyenu, msikimbie. Mtoto kazaliwa hospitali ya Skejby, mzazi wake kabonyeza kitufe. Mimi nilishaona mtu anatafuta mlango wa dharura.

1. Fungua Digital Post, sanduku la mtandaoni la barua za serikali. Barua ikishaingia humo inahesabika imekufikia, na "sikuiona" hailipi faini. Na uandike jina lako kwenye sanduku la barua la mlangoni, maana kadi ya njano ya matibabu haitakutafuta kwa sura.

2. Kabla ya zamu ya kwanza ya kuosha vyombo, ingia skat.dk, tovuti ya kodi, utengeneze forskudsopgørelse yako, makadirio ya kodi ya mwaka. Bila skattekort, yaani kadi ya kodi, mwajiri anakata asilimia 55, ndivyo sheria inavyomtaka. Zitarudi baadaye, lakini mwenye nyumba hasubiri baadaye.

3. Kiti kinahesabiwa. Hapa vuteni mkeka, maana hii ni yangu.

Nilikuwa nimeanza kazi kwenye ofisi moja nje kidogo ya mji. Mkuu wa kitengo chetu, mtu mpole, wa kuitwa kwa jina la kwanza kama wakubwa wote wa huku, alikuwa anatimiza miaka 50. Mwezi wa pili akatugawia kadi za sherehe ya mwezi wa tano. Chini ya kadi kulikuwa na herufi mbili, S.U., na tarehe. S.U. niliyoijua mimi ni ile posho ya wanafunzi inayoingia benki, kwa hiyo nikafurahi kimoyomoyo, nikaibandika kadi kwenye friji. Kumbe kwenye kadi maana yake ni "jibu linatakiwa". Tarehe ikapita. Akaja mwenyewe mezani kwangu kuniuliza kama nakuja. Nakuja, bila shaka! Akaandika moja kwenye karatasi yake. Ile moja niliiona kwa macho yangu na haikuniambia kitu.

Jumamosi yenyewe shemeji yangu alikuwa amekuja kutoka Malmö na rafiki yake. Sasa mgeni umwache ndani na rimoti, wewe uende kula? Mama yangu angesikia angeniita kwa jina langu kamili. Nikawaambia vaeni, twendeni.

Sherehe ilikuwa saa 12 jioni, kwenye forsamlingshus, ukumbi wa kijiji. Basi la Jumamosi linapita mara moja kwa saa, tukalikosa, tukafika inakaribia saa moja, tunacheka. Ndani watu wote wamekaa, na hakuna anayetafuna. Walikuwa wanatusubiri. Ukimya ule sikuwahi kuusikia penye sherehe.

Meza zimepangwa mstari mrefu, na kila sahani ina kikadi cha jina kimesimama juu ya leso iliyokunjwa. Changu nikakiona: kati ya shangazi wa mwenye sherehe na jirani yake mmoja mfuga nguruwe. Mtu alikaa chini akawaza nani ataweza kuzungumza nami Kiingereza, akanipanga hapo. Viti vyote vilikuwa na majina. Shemeji na mwenzake wamesimama na zawadi mkononi, wanatabasamu.

Mke wa mwenye sherehe akasema "Det finder vi ud af", tutapata namna, akacheka, akainuka. Punde zikapatikana nafasi mbili. Sikuuliza zimetoka wapi. Nilipokwenda chooni mlango wa jikoni ulikuwa wazi, nikamwona yule mama na kijana wake mkubwa wanakula wamesimama kando ya sinki. Nami, Mungu anisamehe, nikawapungia mkono. Nilidhani wanapenda tu kukaa karibu na sufuria.

Sijamaliza. Kwenye sherehe hizi hotuba zinaandikishwa kwa toastmaster, mshereheshaji, na yeye anazipanga katikati ya mlo na mlo ili jikoni wajue nyama itoke lini. Mimi niliona tu kuna upenyo, nikagonga glasi, nikasimama. Nilizungumza juu ya ukarimu, nikapita kwenye baraka za umri, nikafikisha na salamu za mzee wangu wa Tanga ambaye hamjui mwenye sherehe hata kwa picha. Shemeji akanipigia vigelegele. Nyama ikapoa. Baadaye wakaimba nyimbo walizomtungia wenyewe, karatasi zimechapwa, moja kwa kila mgeni. Sisi tukachungulia moja watatu. Na usiku wa manane ilipoletwa natmad, supu na mkate, ambayo mwenye akili anajua ndiyo ya kuagana, mimi nikajua awamu ya pili imeanza. Nikaongeza sahani. Tuliondoka viti vinapandishwa juu ya meza, na aliyeturudisha mjini ni yule jirani mfuga nguruwe, maana mabasi yalikuwa yamelala.

Jumatatu sikusema hata "tak for sidst", asante ya siku ile.

Hakuna aliyeninunia. Hapo ndipo penye shida, wadogo zangu. Nyumbani ukiharibu, shangazi atakusema mbele za watu mpaka utamani ardhi ipasuke, halafu mambo yameisha, mnakula. Huku hakuna anayekusema. Kadi zilizofuata hazikunifikia tu. Nikaja kusikia wenzangu wanapanga kwenda kusherehekea Sankt Hans, sikukuu ya moto ya Juni, kwa bwana yuleyule, nikajiambia, ahaa, ni rangi. Neno hilo nililibeba muda mrefu, na nikawabebesha wengine waliokuwa wageni kama nyinyi. Kuliko hata ile hotuba, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mpaka fredagsbar moja, baa ya Ijumaa baada ya kazi, bia ilipomlegeza ulimi mwenzangu, akanieleza kwamba yule mama alikula amesimama siku ya sherehe ya mumewe, na kwamba ukumbi unalipiwa kwa kichwa, na hesabu ilishafungwa kabla.

Nikaenda kwao na maua, nimechelewa kuliko hata siku ya sherehe. Mama akacheka sana. Alichoniuliza ni kimoja: kwa nini hukupiga simu? Viti vingeongezwa. Shemeji yako tungependa kumjua vizuri.

Ubaguzi upo, sikatai, mtakutana nao kwenye kutafuta nyumba na kwenye kutafuta kazi. Msiuite kwenye mambo ya viti. Tuma ujumbe siku kadhaa kabla: nina wageni wawili, nafasi ipo? Akisema haipo, hajakutukana. Na kama hamli nguruwe, mseme hapohapo mnapojibu mwaliko, kwa sababu frikadeller, leverpostej, medister na flæskesteg vyote kwa kawaida ni yeye.

4. Kalenda ya simu iwashie namba za wiki. Mtu akikwambia tuonane uge 42 hakutegi, ndivyo wanavyouhesabu mwaka. Na mwaliko wa kahawa usiofunguliwa kalenda, usiufulie shati.

5. Siku yako ya kuzaliwa kazini, keki unaleta wewe. Usikae mezani saa nane mchana ukingoja kushangiliwa, namjua aliyengoja mpaka fyraften, muda wa kutoka kazini, na nilimnunulia pizza kwa huruma. Kijibendera cha Dannebrog, bendera ya Denmark, kitawekwa mezani kwako, na hapo hujatunukiwa uraia, wanaweka hata kwenye keki ya mtoto. Ukifika 25 bila ndoa, jiandae kwa mdalasini. Dada mmoja wa kwetu alimkuta mwenzake kafungwa kwenye nguzo, kamwagiwa maji na mdalasini wa kilo, watu wamemzunguka wanacheka, na tayari alikuwa ameshika simu kupiga 112. Ukifika 30 bado uko vilevile, inakuja pilipili manga. Mtoto wa Pemba ukiona viungo vinavyochezewa hivyo lazima roho ikuume.

6. Sikukuu. Msikae vyumbani mkisubiri mwaliko, nyingi ziko wazi.

Fastelavn, wiki saba kabla ya Pasaka, watoto wanavaa mavazi ya kuigiza na kupiga pipa kwa rungu mpaka limwage pipi. Zamani ndani ya pipa walitia paka mzima mzima, ndiyo maana anayeangusha ubao wa mwisho hadi leo anaitwa mfalme wa paka. Tarehe 23 Juni jioni ni Sankt Hans: moto ufukweni, mchawi wa matambara juu ya kuni, mtu anahutubia, watu wanaimba. Nenda na koti, Juni isikudanganye. Ijumaa ya kwanza ya Novemba ni J-dag, bia ya Krismasi ya Tuborg inatoka dakika moja kabla ya saa 3 usiku na mji mzima unavaa kofia za buluu. Siku hiyo baiskeli iache nyumbani. Store bededag, sikukuu ya sala, waliifuta, tangu 2024 ni siku ya kazi, ila mikate yake ya hveder bado wanaila usiku wa kuamkia siku hiyo kama vile haikufutwa. Mimi pia naila. Kwenye kula sina siasa.

Julefrokost, karamu ya Krismasi, ina mpangilio wake. Sild, samaki wa siki, kwanza, juu ya rugbrød, mkate mweusi, ndipo samaki wengine, ndipo vya moto, jibini mwisho. Ukirundika vyote sahani moja kama sinia la harusi hakuna atakayekusema, lakini meza nzima itakuangalia ukichanganya sild na nyama.

Ukialikwa nyumbani kwa mtu tarehe 24 Desemba, basi umeingia ndani kabisa, nenda hata kama theluji inafika magotini. Mtashikana mikono mkizunguka mti mkiimba, na babu asiyecheza mwaka mzima atakukokota mpaka sebule ya pili. Baada ya bata inakuja risalamande, wali wa maziwa na krimu, na ndani yake kuna lozi moja nzima. Anayeipata ana zawadi. Sasa sikilizeni: ukiipata, usipige kelele. Ifiche shavuni, endelea kula na uso wa mfiwa, waache wenzako wamalize bakuli wakiitafuta huku wamevimbiwa, ndipo uitoe. Mwaka wangu wa kwanza niliitafuna. Nilidhani ni kipande cha karanga. Watu wazima wakala wali mpaka chini ya bakuli, bibi akawa anauliza kama kweli aliitia, na mimi nimekaa kimya kama mwizi wa sadaka. Zawadi wakawapa watoto.

7. Vya haraka. Baiskeli: ukitaka kusimama inua mkono, kona ya kushoto vuka kwanza, subiri, ndipo ugeuke, na usitembee kwa miguu kwenye njia ya baiskeli, kengele ya mama mwenye watoto wawili kwenye Christiania, baiskeli ya sanduku, haina huruma. Rejsekort, tiketi ya mabasi na treni: check ud, yaani jitoe ukishuka. Viatu: vua mlangoni, na soksi ziwe nzima. Vaskekælder, chumba cha kufulia cha jengo: andika zamu yako na uifuate, kwenye majengo mengi ukichelewa nusu saa mashine ni ya yeyote, halafu usafishe kichujio. Vitamini D: anza kabla giza halijaanza. Chupa: usitupe pant, pesa unayorudishiwa ukirudisha chupa, kubwa ya alama C ni kroner 3 na mwisho wa mwezi utaikumbuka. Ndizi za kupika: soko la Bazar Vest. Mtoto kwenye kigari nje ya mkahawa peke yake, amelala, baridi inapuliza: mama yake yuko ndani anamwona dirishani. Usimbebe. Nimesema usimbebe.

8. Mnalalamika hamna marafiki Wadenmark. Mmewatafutia wapi, ndani ya basi? Mdenmark wa ndani ya basi hana habari nawe, mkutane naye kwenye forening, yaani chama au klabu. Jiunge na kwaya au timu ya håndbold, mpira wa mikono, hata kama mpira unaudaka kwa uso. Mimi nilijiunga na bustani ya mtaa, na huko nikakutana na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi Tanzania na Mellemfolkeligt Samvirke, shirika la Denmark la maendeleo, Kiswahili alifundishwa pale chuoni kwao Usa River, Arusha. Anakusalimu "Habari za nyumbani?" na anangoja jibu lote, mpaka mifugo. Huyo ndiye aliyenipeleka kwa mara ya kwanza kujitolea sherehe za mjini, kuzoa vikombe na kuelekeza watu vyoo, na usiku mmoja wa kuzoa vikombe unapata majina mengi kuliko muhula mzima wa mihadhara.

Aarhus Festuge, tamasha la mji lililoanza 1965, kwa kawaida inaanza mwisho wa Agosti, na wanaojitolea hujiandikisha mapema. Mimi nitakuwepo. Mnaotaka kuja nami nitumieni majina kabla ya Ijumaa, na mseme mko wangapi. Na aliyeazima taa ya nyuma ya baiskeli yangu tangu Novemba airudishe, namjua, na yeye anajua namjua.