Maswali Yenu: Silaha za Kurusha za Sponji

Barua za safari hii nyingi zinahusu kitu kimoja, silaha za kurusha kwa wachezaji wa laapu, ile michezo ya kuvaa uhusika na kupambana live uwanjani. Visu, mashoka, mawe, nyota za ninja, kila mtu anataka kujitengenezea mwenyewe na mimi napenda hivo, ila kuna mambo humu ya macho na meno ya watu kwa hiyo nitajibu kwa kirefu pale panapohitaji.

Kisu changu cha kurusha ni sponji tupu, nikikirusha kinajikunja ovyo. Nikipitisha kijiti chembamba cha faibagilasi katikati si kitakaa sawa? Mbona panga langu la sponji lina fimbo ndani na wakaguzi wa silaha wanalipitisha kila siku?

Usiweke, mdau. Wala kijiti, wala waya, wala bomba la plastiki, wala kipande cha rula. Panga lako linapita kwa sababu muda wote liko mkononi mwako, ukiona mwenzio kateleza kainamisha kichwa unaweza kulizuia pigo likiwa njiani, nguvu unaipima wewe. Kisu ukishakiachia basi, akigeuka ghafla kinamkuta popote kinapomkuta na huna la kufanya, kwa hiyo upole wote inabidi uwe ndani ya kitu chenyewe kabla hakijatoka mkononi. Na hicho kijiti hata ukikifunika vizuri vipi, kila kisu kikitua kwa ncha kijiti kinasogea mbele kidogo, kinasogea tena, mpaka siku kinatoboa sponji toka ndani na kwa nje ulikuwa huoni kitu. Ndo maana ukiangalia sheria za makundi mengi ya laapu utakuta silaha ya kurusha haitakiwi kuwa na kiini kigumu kabisa.

Kinachofanya kisu kisimame ni unene na tabaka. Chukua sponji ya EVA, ile ya mikeka ya mazoezi na kandambili, unene wa milimita 10, kata umbo la kisu mara tatu au nne, kisha gundisha tabaka moja juu ya lingine. Katikati ya tabaka mbili za ndani laza kitambaa imara, turubai laini linafaa, ngozi nyembamba pia, kianzie mwisho wa mpini kiishie kama sentimita 5 kabla ya ncha ili ncha ibaki sponji peke yake. Kitambaa ndo kinazuia kisu kisikatike shingoni, na tabaka zilizogundishwa zinasaidiana kukaa wima. Halafu punguza urefu, sentimita 20 hivi zinatosha, kisu kirefu chembamba cha sponji hakitasimama hata ufanyeje na nadhani hapo ndo shida yako ilipo.

Mawe yangu ni mepesi mno, upepo unayarudisha. Kwenye timu yetu mmoja anaweka mchanga ndani ya soksi katikati, mwingine anaweka nati. Ipi salama zaidi?

Hakuna iliyo salama kati ya hizo, na naomba uwaambie kabla ya mechi inayofuata. Sponji inakulinda kwa kubonyea, wakati inabonyea inakula mwendo wa kile kitu taratibu. Sasa ukiweka nati katikati, jiwe likigonga mtu nati inaendelea kwenda, inaibana sponji ya mbele mpaka inaisha, na kinachompata mtu ni nati yenyewe. Mchanga nao ukishashindiliwa ndani ya soksi unakuwa bonge gumu, na siku sponji ikichanika unamwagikia mtu machoni. Ongeza na hesabu ya kawaida ya fizikia, uzito ukizidi mara mbili kwa mwendo uleule nishati ya pigo inakuwa mara mbili, mwendo ukizidi mara mbili nishati inakuwa mara nne, na uwanjani watu wamepandwa na mori hakuna anayerusha kistaarabu kama alivyorusha kwenye majaribio.

Uzito unaoruhusiwa ni ule uliosambaa kote na wenyewe ni laini. Kata jiwe kwenye sponji ya godoro iliyoshiba, si ile nyepesi ya mito, lilingane na ngumi ya mtu mzima au zaidi, lizungushe kwa mkasi kidogo kidogo mpaka lisiwe na kona, livishe kitambaa kinachovutika kisha upake lateksi, ule mpira wa majimaji, juu. Kitambaa na lateksi vinaongeza uzito kiasi na vinaziba ule uso wenye matundu, hapo utaona tofauti hewani. Ila tuambiane ukweli, silaha ya sponji ni ya karibu, hatua tano sita, na mchezaji mzuri ni yule anayejua kusogea mpaka hapo. Umbali usiutafute kwa uzito.

Nyota yangu ya ninja imekataliwa na mkaguzi, anasema pembe ni nyembamba. Ni sponji tupu, haina kitu ndani, inamuumiza nani?

Jicho. Tundu la mfupa linaloshika jicho la mtu mzima lina upana wa kama sentimita 4 na kimo kinapungua kidogo hapo, kitu chochote chembamba kuliko hilo tundu kinaweza kuingia na kufikia jicho hata kama ni laini, wakati kitu kipana kinazuiwa na mfupa wa nyusi na shavu. Ndo maana baadhi ya makundi, hasa ya Marekani, yanapima kwa tundu la inchi 2.5, yaani sentimita 6 na kitu, ncha ya silaha haitakiwi kupenya hapo zaidi ya nusu inchi. Wamezidisha kwa makusudi kwa sababu sponji inaposukumwa inajikunyata.

Kwa hiyo mkaguzi wako yuko sahihi. Tengeneza nyota ya pembe nne badala ya nane, kila pembe pana kuliko hilo tundu la jicho na ncha yake ya mviringo, unene usipungue sentimita 3, na ile michoro ya makali iweke kwa rangi. Kwa mbali hakuna atakayejua. Na waambie wachezaji wenu kichwa na shingo si shabaha hata kama silaha imepasishwa, lenga kifua, tumbo, mapaja.

Nikipaka lateksi inabanduka kama ngozi iliyoungua jua, na nikizihifadhi pamoja zinagandana. Nakosea wapi?

Anzia kwenye sponji. EVA ina uso laini unaoteleza, ipitishe msasa kwanza halafu ipulizie hewa ya moto kwa mashine mpaka uso ung'ae kidogo, vile vitundu vinajifunga na lateksi haitanyonywa ovyo. Paka tabaka nyembamba, tano hivi, kila moja ikauke mpaka ibadilike rangi ndo uweke nyingine, wengi inawabanduka kwa sababu wamepaka nene mara moja, juu imekauka chini bado mbichi. Brashi ichovye kwenye maji ya sabuni kabla ya lateksi la sivyo utaitupa siku hiyohiyo. Ukimaliza pakaa poda au sprei ya silikoni, lateksi mbili zikigusana bila kitu katikati zinashikana na ukizivuta zinachuna. Mafuta ya aina yoyote yaweke mbali, yanaiozesha, na jua kali pia.

Gundi iwe ile ya viatu, paka nyembamba pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa isinate kidoleni ndo ubane. Super glue na ile gundi ya moto ya kuyeyusha kwa bunduki ya gundi ziache, zikikauka zinakuwa vipande vigumu ndani ya sponji. Fungua madirisha yote na usiwe na moto karibu kwa sababu ule mvuke unawaka na unalewesha, na barakoa ya kitambaa haizuii mvuke hata kidogo, inayozuia ni ile yenye vichujio vya kaboni. Halafu ulizeni kabla ya mchezo nani ana aleji ya lateksi, wapo watu inawabana pumzi, huyo asirushiwe kabisa.

Mikuki je?

Iache mpaka uwe umetengeneza visu na mawe ya kutosha. Mkuki una urefu, una uzito, na makundi yanayouruhusu yana masharti yao ya ncha na kiini ambayo yanatofautiana sana, muulize mkaguzi wako kabla hujakata hata kipande.

Silaha ya msimu uliopita nitajuaje bado inafaa?

Ibinye yote kwa vidole, ukikuta sehemu ngumu au sehemu sponji haijirudishi, imekwisha. Ikunje taratibu usikilize, mlio wa kuchanika maana yake gundi imeachia ndani, hutokea sana zikiachwa kwenye gari juani. Kwenye baridi kali nazo zinakakamaa, zipashe joto ndani ya koti kabla ya mechi. Baada ya hapo mpe mwenzio airushe kwa nguvu zake zote kwenye paja lako la wazi, ikiacha alama haichezi. Na ncha iliyopasuka usiizibe kwa gundi juu, lile ganda ndo litakalomkwaruza mtu, kata sponji yote ya mbele ugundishe mpya.