Uliza Dokta: Katoka soba, karudia unga

SWALI: Shikamoo dokta. Mdogo wangu katoka soba (nyumba ya kuachia unga, yaani heroini) juzijuzi, nikamkuta chooni anakoroma, midomo imebadilika rangi, majirani wakataka kumnywesha maziwa. Kapona ila mie silali. Dada mtu, Ngamiani.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole mno. Kule soba mwili umeshazoea kukaa bila unga, sasa akirudia kipimo kilekile cha zamani ndo pumzi inakata, na vijana wengi wanatufia hivi wakitoka soba au jela, inaniuma sana. Ikitokea tena, haamki, anakoroma, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, maziwa hapana! Mpulizie pumzi mdomoni kama hapumui vizuri, akipumua mlaze ubavu, mwingine aite bajaji fasta mkimbilie hospitali na mseme wazi ni unga, maana ipo dawa ya naloksoni inayomzindua, ila huisha nguvu mapema so asiondoke wodini hata akisema yuko fiti.

Asijifungie peke yake jamani. Halafu mpeleke hospitali ya Bombo, Tanga, kwenye kliniki ya methadoni, dawa mbadala ya unga, anakunywa kila siku, arosto (maumivu ya kukosa unga) inatulia, na ni bure. Ukikwama piga 119, Mamlaka ya dawa za kulevya, nayo bure.