Jibu: Wanafunzi wa kemia wanaoelewa lakini hawasemi

Salaam, Mwalimu. Umeuliza kwa nini wanafunzi wako wa mwaka wa kwanza, hasa wasichana, hunyamaza darasani ilhali majaribio yao ya kuandika ni mazuri. Chunguza lugha kwanza: wengi wao hapa Tanzania walisoma sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha wakahamia Kiingereza, na hofu ya kukosea sarufi huwaziba midomo kabla hata ya kemia yenyewe. Mimi huwapa dakika 2 wajadiliane wawili wawili kwa Kiswahili, ndipo nimwombe mmoja aeleze walichokubaliana, ili kosa lisimwangukie mtu peke yake. Maabarani, wabadilishane kushika bureti, yaani mrija wa kupimia kimiminika; anayeandika matokeo tu kila wiki hawezi kujiamini. Majadiliano hayo ya wawili wawili sijayajaribu katika ukumbi wa wanafunzi 300.