Mke wangu ameandikiwa rituksimabu kwa ajili ya MS. Je, inasaidia kweli?

SWALI: Habari za kazi, dokta. Niko Kasulu, Kigoma. Mke wangu ana miaka 31 na amegundulika ana MS, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia utando wa neva za ubongo na uti wa mgongo. Hospitali ya rufaa wamemwandikia dripu ya rituksimabu kila baada ya miezi sita. Ndugu zake wamesoma kuwa ni dawa ya saratani. Inasaidia watu wa kawaida, au ni kwenye majaribio tu? Na usalama wake ukoje?

JIBU: Pole sana kaka, na shemeji naye umpe pole. Ndugu zake wamesoma sawa, ilianza kama dawa ya saratani ya limfoma. Kazi yake ni kuondoa seli B za kinga, na hizo zina mkono mkubwa katika MS. Mwaka 2023 WHO iliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ugonjwa huu. Uswidi wameitumia miaka mingi, na jaribio lao lililochapishwa 2022 lilionyesha kuwa ndani ya miaka miwili waliopata shambulio jipya ni kama 3 kwa 100, dhidi ya 16 kwa 100 waliomeza dimethili fumarati, dawa nyingine ya MS.

Ila matarajio yawe ya wastani. Majaribio huchagua watu wasio na magonjwa mengine na huwafuatilia kwa karibu. Tena wengi huanza dawa wakitoka kwenye shambulio baya, wakati ambao ugonjwa mara nyingi hutulia wenyewe, kwa hiyo si kila nafuu ni ya dawa. Na mguu uliokwisha kuwa mzito, dripu haiahidi kuurudisha.

Kwa mtu wa Kasulu mimi naipendelea kuliko fingolimodi, dawa nyingine ya MS. Vile ni vidonge vya kila siku, na vikikatika ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo. Seli B huchukua miezi kurudi, hivyo dripu ikichelewa wiki mbili kwa sababu ya nauli au barabara, si balaa. Msifanye mazoea lakini.

Usalama: kinachonitisha zaidi hapa kwetu ni homa ya ini B. Dawa hii inaweza kuviamsha virusi vilivyolala kwenye ini, na watu wamekufa kwa hilo. Kile kipimo cha haraka cha HBsAg peke yake hakitoshi, ombeni na cha anti-HBc, kinachoonyesha kama virusi viliwahi kuingia mwilini. Kama Kasulu hawana, ulizeni Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Kigoma. Apimwe pia TB na VVU, na chanjo zozote anazodaiwa zitangulie, hasa zile zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa, kama ya homa ya manjano. Mkitaka mtoto, mwambieni daktari mapema.

Siku ya dripu atapewa kwanza parasetamoli, dawa ya mzio na steroidi. Koo likiwasha au akianza kutetemeka, aseme palepale. Muuguzi atasimamisha au kupunguza kasi. Dripu ya kwanza ndiyo yenye usumbufu zaidi.

Akipata homa nyumbani, msikimbilie dukani kununua dawa. Apelekwe hospitali, apimwe malaria na maambukizi mengine, na kabla hajaandikiwa chochote aseme anatumia rituksimabu.

— Mfamasia, Tabora