Usitoboe potifize kabla ya kupima

Mdogo wangu, weka chini hiyo mashine ya kutoboa. Leo.

Unasema BMW E36 yako imeshushwa mm 60, na kwenye barabara ya Kasumbalesa volani inakunyang'anya mikono kila gurudumu likigonga shimo. Umeuliza ununue kit gani ya kurekebisha bampu-stia (gurudumu kujigeuza lenyewe kushoto au kulia linapopanda au kushuka), kama silenti-bloku (vile vibano vya mpira kwenye viungo) za poliuretani zinafaa, na kama ubaki na pine za 17 ama upande 18. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, umesema Jumamosi fundi anatoboa potifize ili rotili za kit ziingie. Hapo ndipo nilipoacha chakula. Hayo mengine baadaye.

Potifize, kile chuma kinachobeba kitovu cha gurudumu, ina mkono ambamo rotili ya direksio (kiungo chenye kichwa cha mviringo, cha usukani) inaingia. Tundu la huo mkono si tundu nyoofu, ni koni. Koni ndiyo inayobana rotili; ekru (nati) inaivuta tu ikae. Kit nyingi zinataka koni itobolewe iwe tundu nyoofu la mm 12 au 14, ndani mpite bulo (bolti) ndefu yenye rondela (washa za kujaza kimo) na rotili ya jicho, yenye tundu katikati. Ukishatoboa, koni imekufa na rotili ya kiwanda hairudi tena. Ukitoboa kwa mkono, bila kufunga potifize kwenye mashine ya kusimama, tundu linalala upande, bulo inaanza kucheza, na kila dodane (tuta la barabarani) inalipanua tundu kidogo hadi linakuwa yai. Na asije mtu kukuambia mtalijaza kwa kuchomelea mkikosea, au mtaupinda mkono kwa shalimo (moto wa gesi). Moto unaharibu ugumu wa chuma, na ule mkono ndio unaoamua kama kwenye kona utafuata barabara au utafuata lori.

Mimi nimezika potifize mbili hivyo, pamoja na pine mbili za mbele zilizolika upande wa ndani mpaka nyuzi zikaonekana. Jozi nyingine ya okazo (iliyotumika) niliipata kwa bei ambayo mke wangu bado hajaambiwa. Muuzaji wa kit, simtaji, alisema: "Motokari ikishushwa, bampu-stia ipo tu. Weka rondela zote, ndivyo wanavyofanya kwenye mashindano." Huyo mtu hajawahi kupima hata mlango wa nyumba yake. Rondela zote zilikuwa mm 24. Motokari ilikuwa inahitaji sifuri.

Sikiliza sababu. Kushusha motokari hakuhamishi tundu lolote. Kremayeri (mtaimbo wa meno unaosukumwa na volani) iko palepale kwenye shasi, rotili palepale kwenye potifize. Kinachohama ni mahali gurudumu linapofanyia kazi. Zamani lilikuwa katikati, pale kiwanda kiliponyoosha mambo. Sasa linaishi mm 60 juu yake, upande ule ambako upinde unaochorwa na bieleti (fimbo kutoka kremayeri hadi potifize) na ule wa triangili ya chini (mkono unaoshika potifize kwa chini) vinaanza kuachana. Vinaweza kuachana sana, vinaweza kuachana kidogo. Jicho haliwezi kujua, hata jicho la fundi wa miaka thelathini. Mara nyingi anayeleta ugonjwa ni zile rotili ndefu za chini zinazouzwa kurekebisha triangili: zinashusha ncha ya triangili mm 20, bieleti inaachwa juu, na bampu-stia ambayo haikuwepo umeinunua kwa dola zako.

Kwa hiyo unapima. Banki ya paralelismu (mashine ya kunyoosha magurudumu) haikusaidii hapa, inasoma kimo kimoja tu. Kwanza motokari ikiwa chini, na wewe umekaa ndani, pima kutoka katikati ya kitovu hadi ukingo wa bawa la bodi juu yake. Hicho ndicho sifuri chako. Kisha inua motokari iwe sawasawa juu ya shandeli (vigingi vya chuma), shasi isitikisike. Toa resori (springi), rudisha amotisere (shokabzoba) bila resori, fungua stabilizatere (fimbo inayounganisha pande mbili). Hesabu mizunguko ya volani kutoka mwisho hadi mwisho, gawa kwa mbili, ifunge katikati kwa mkanda kwenye kiti. Volani ikihama hata kidogo, umepima upepo.

Funga kwenye kitovu ubao wa chuma au mbao ngumu iliyonyooka, na weka komparateri (saa za kupimia milimita) mbili zikigusa ubao huo, mm 600 kati yao, moja mbele na moja nyuma, kimo kimoja. Huna komparateri? Tumia vyuma viwili vilivyosimama imara na rula nzuri, usahihi utapungua lakini uongo utauona. Kriki (jeki) chini ya triangili. Anzia mm 50 chini ya sifuri, panda kwa hatua za mm 10 hadi butee (kizuizi cha mwisho) ikuzuie. Kila hatua andika tofauti ya komparateri mbili. Kemba (mlalo wa gurudumu) na upana vikibadilika vinasukuma komparateri zote sawa; tofauti peke yake ndiyo bampu-stia. Milimita 1 kwenye ubao wa mm 600 ni karibu dakika 6 za pembe.

Kusoma sasa, na hapa ndipo nilipovunjikia. Kufunga ni pua za magurudumu kukaribiana, kufungua ni kuachana. E36 bieleti iko mbele ya ekseli. Gurudumu likipanda likifunga, ncha ya nje ya bieleti iko juu mno: ishushe kwa rondela, au pandisha kremayeri. Likipanda likifungua, ncha iko chini mno tayari, na kila rondela unayoongeza inazidisha. Yangu ilikuwa inafungua kidogo. Rondela za yule bwana zikaifanya iwe mlango wa duka. Kwenye Subaru Impreza bieleti iko nyuma, kila kitu kinageuka, kwa hiyo ushauri wa mwenye Impreza uache kwa Impreza. Na kama inafungua ikipanda na inafungua ikishuka pia, mchoro wa upinde, hilo ni kosa la urefu wa bieleti kutoka jicho hadi jicho. Rondela haziligusi, na kuzungusha nyuzi za bieleti hakuliondoi, kunabadilisha paralelismu tu.

Ukikuta chini ya nusu milimita katika mm 30 za kila upande wa sifuri, funga kitabu. Shida yako ni nyingine: silenti-bloku ya nyuma ya triangili imechoka (kwenye E36 ni ugonjwa wa kawaida), au bulo za kremayeri zimelegea. Mtu atikise volani kushoto kulia injini ikiwaka, wewe ukiwa chini unaangalia nini kinahama kabla ya gurudumu.

Kama kweli inadai rondela, anza na mm 3, pima tena, ongeza. Tafuta kit yenye koni yake yenyewe isiyotaka kutoboa. Bulo iwe ya daraja la nguvu 10.9 au zaidi. Bulo yenye rondela za mm 30 inapindwa mara mbili ya ile ya mm 15, kwa hiyo ukijikuta unajenga ghorofa, ni heri upandishe motokari mm 20. Chini ya rotili ya jicho weka rondela pana inayozidi jicho, ili kichwa cha mviringo kikitoka kwenye jicho bieleti isianguke. Vaa kofia za mpira, maana vumbi jekundu la kiangazi linakula rotili ya jicho kama msasa. Hakikisha ncha haigusi jante (rimu) volani ikikatwa mwisho, kote kote.

Paralelismu ni ya mwisho, chini, na uzito wako ndani.

Jumamosi mpigie fundi umwambie hakuna kutoboa. Ukishapima, andika hapa namba zako za +30, 0 na −30 kwa kila upande. Picha ya kit usiweke, naijua.