MPH au epidemiolojia kwa muuguzi wa Muheza?

Dada, umesema uko zahanati Muheza, na unasita kati ya uzamili wa afya ya jamii, yaani MPH, na ule wa epidemiolojia, elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii. Swali langu: miaka kumi ijayo unajiona wapi? Kama ni ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, kupanga bajeti na kusimamia chanjo, MPH inatosha kabisa. Chuo cha Muhimbili wanayo, na chuo cha KCMC Moshi pia. Kama unapenda utafiti, chukua epidemiolojia, ila ujiandae kupambana na takwimu. Tena wewe uko jirani na kituo cha Amani cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, hapohapo Muheza, na Korogwe ndiko chanjo ya malaria ya RTS,S ilikojaribiwa, kama Bagamoyo. Nenda kawasalimie, mada ya tasnifu inaweza kutokea huko.

Halafu uliza nani atakusimamia. Mimi nilifuata jina la chuo tu. Rasimu yangu ilikaa kwa msimamizi miezi mitano, na ada ya mwaka wa ziada nikalipa mwenyewe.

Hicho chuo cha nje cha kusoma kwa mtandao, waulize TCU, tume ya vyuo vikuu, kwanza kabla hujatuma hata senti. Barua ya ruhusa ya mwajiri je, umeshaiomba?