Dada, usijiuzulu: "sanctioned" kwenye likizo yako ni idhini

Hiyo barua ya kuacha kazi iweke kando kwanza, ndipo uendelee kusoma. Umesema kazini wamekupa karatasi iliyoandikwa "your maternity leave has been sanctioned", mwenzako wa ofisini akakwambia wamekuwekea vikwazo kwa sababu ya mimba, na kesho asubuhi unataka kujiuzulu kabla hawajakufukuza. Hawajakuadhibu, dada. Wamekukubalia. Likizo yako ya uzazi imeidhinishwa. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inakupa siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na kati ya hizo angalau wiki 4 ni za baada ya kujifungua. Ukiipeleka hiyo barua kesho, siku hizo utakuwa umezitupa kwa mkono wako, kwa ajili ya neno moja ulilofasiriwa vibaya.

Neno hilohilo lilinila shilingi milioni 2 na kinu.

Mwaka 2022 nilikuwa nauza nafaka Busia, upande wetu wa Uganda. Nikapata habari za kinu cha kusaga posho, yaani unga wa mahindi, huko Iganga, cha mtumba lakini injini yake ya dizeli bado nzima. Mwenyewe alitaka milioni 14. Nikampa milioni 2 ya arabuni, tukaandikiana mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, kwamba nisipomaliza ndani ya miezi miwili arabuni ni yake. Zile 12 zilizobaki nikaziombea mkopo kwa wakopeshaji.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Karatasi moja, muhuri wa wino wa zambarau chini kulia, na kwenye mstari wa tatu: "Your loan has been sanctioned subject to your acceptance within 30 days." Kiingereza changu ni cha darasa la saba. "Loan" nilikuwa naijua, siku 30 nilikuwa nazijua. Hilo neno la katikati nilikuwa nalijua kwa masikio tu, kwa sababu Urusi ilikuwa imeivamia Ukraine mwezi wa pili na kila taarifa ya habari redioni ilikuwa "sanctions", mafuta yanapanda, "sanctions" tena. Tumbo likaniuma. Nikaichukua barua hadi kwa bwana mmoja mwenye duka la kuchapa karibu na stendi, ambaye huwasomea watu barua kwa malipo. Akaisoma amesimama, hata hakuimaliza. Akaniambia: "Mzee, hawa wamekuwekea vikwazo. Wamekupa siku 30 za kukubali kosa."

Kukubali kosa! Nikamlipa elfu tano yake nikaondoka.

Barua nikaikunja nikaitia ndani ya daftari la madeni. Nikaacha kupita njia ya ofisi ya wale wakopeshaji. Simu ikilia kwa namba nisiyoijua, naiacha ilie hadi inyamaze, maana nilidhani wananitafuta wanishike. Siku ya 41 afisa wao wa mikopo akanikuta sokoni nikipima maharage, akaniuliza mbele ya wateja wangu: "Mzee, mbona hukuja kuchukua pesa zako?" Muda ulikuwa umeshapita. Nikaambiwa niombe upya. Wakati naanza kuomba upya, miezi miwili ya mwenye kinu ikaisha, akabaki na arabuni kama tulivyoandikiana, na kinu akakiuza. Aliyekinunua ni jirani yangu hapa Busia. Kila siku saa moja asubuhi nakisikia kikiwaka, na mahindi yangu nayapeleka palepale nasagiwa kwa kulipa.

Yule bwana wa duka la kuchapa sijamsamehe. Kutojua hakuna kosa, hata mimi sikujua. Kosa lake ni kusema kwa uhakika jambo ambalo hakuwa na uhakika nalo, tena kwa pesa yangu. Ni kama huyo mwenzako wa ofisini. Na walioandika ile barua nao nina neno nao: wateja wenu ni wauza nafaka na wauza mukene, yaani dagaa, mnajua hivyo, kwa nini msiandike "approved", neno ambalo hata mtoto wa shule ya msingi analijua? Mtu anaandika barua ya milioni 12 kama anayetaka kusifiwa Kiingereza chake, na anayelipa ni mwingine kabisa.

Baadaye mwalimu mmoja mstaafu alinikalisha chini akanieleza. Neno lina asili ya Kilatini, "sancire", yaani kuipa sheria nguvu, kuifanya kama kitu kitakatifu. Na kwa Warumi kile kifungu cha sheria kinachotaja adhabu ya atakayeivunja kiliitwa "sanctio". Ndiyo maana neno moja limebeba kuthibitisha na kuadhibu pamoja. Waingereza walipolifanya kitenzi, karne ya 18, walimaanisha kuidhinisha. Kitenzi hicho kwa maana ya kuadhibu ni cha karne ya 20. Vikwazo vya nchi kwa nchi ni habari kama ile ya mwaka 1935, Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, lilipoiwekea Italia vikwazo kwa kuivamia Ethiopia. Redio zinatumia maana hiyo. Maofisi na wakopeshaji wengi bado wanaandika kwa ile ya zamani.

Sasa shika hili: tazama kilichofanyiwa. Kama kilichokuwa "sanctioned" ni kitu ulichoomba, yaani mkopo, likizo, safari, matumizi ya pesa, ujenzi, basi kimeidhinishwa. Kama ni mtu, kampuni au nchi, basi ameadhibiwa au amewekewa vikwazo. Likizo haiwezi kuadhibiwa, dada. Mkopo hauwezi kuadhibiwa. Hata kwenye ndondi, pambano likiwa "sanctioned" maana yake mashirikisho yamelitambua na mkanda unaweza kushindaniwa. Na ukikuta "without the sanction of" fulani, ni bila idhini yake.

Pahali pa kuangalia mara mbili ni hapa tu: kitu kilichofanyiwa kikiwa ni kosa, kama wizi au kupiga mtu. Hapo sentensi inaweza kumaanisha wakubwa waliliruhusu kosa au waliliadhibu, na hata Mwingereza mwenyewe atasoma sentensi ya mbele na ya nyuma ndipo ajue. Ukikutana na hiyo usikisie wala usimlipe mtu akukisie. Muulize aliyeandika: "Do you mean approved?" Maneno manne, na ukiuliza kwa maandishi ujibiwe kwa maandishi.

Uliuliza pia tofauti ya "allow", "permit" na "let". Zote ni kuruhusu, "permit" ndiyo ya kiofisi, na baada ya "let" usiweke "to". Lakini hizo hazitakutoa kazini. Hii ya kwanza ndiyo itakayokutoa.

Kesho fika kazini kama kawaida. Tazama chini ya ile karatasi kama kuna nafasi ya sahihi ya kukubali, au tarehe ya mwisho ya kujibu. Ikiwepo, tia sahihi kabla ya chai ya saa nne, piga nakala, nakala ubaki nayo nyumbani. Na tarehe ya kuanza likizo ni ipi? Hukuitaja. Iandike hapa tuhesabu pamoja hizo siku 60.